Ukingo wa Paa

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8



Jioni moja ya mwezi wa sita, baada ya ibada ya nyumba kwa nyumba, mume na mke wa usharika wetu hapa Mbeya walibaki nyuma wenzao walipoondoka. Wana kiwanja Uyole. Walikilipia kidogokidogo kwa miaka sita, na sasa tofali zimeshachomwa, zimepangwa pembeni zikimngoja fundi. Kilichowakwamisha ni paa. Mume alinionyesha kwenye simu picha za nyumba za kontemporari: kuta zimepandishwa mpaka zikaficha bati, madirisha mapana ya vioo, rangi nyeupe na kijivu. "Baba Mchungaji, hii ndiyo nyumba ya sasa," aliniambia. Mke hakuwa na picha. "Mimi nimekulia Tukuyu, Baba," alisema. "Mvua naijua. Nataka paa la mgongo wa tembo, lishuke lifunike kuta, na kibaraza cha kukalia." Kisha wote wawili wakanyamaza, wakingoja nitakalosema.

Sikuwajibu siku ile. Niliomba pamoja nao, nikarudi nyumbani na swali lao moyoni. Je, Neno la Mungu lina la kumwambia mtu anayechagua ramani? Nilipofika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, nikakutana na mstari mmoja ambao nimeusoma mara nyingi na kuupita. Unamhusu mtu anayejenga nyumba mpya, na unaanzia palepale walipokwama wale ndugu zangu: juu ya paa.

Musa anawaagiza Israeli kwamba ajengaye nyumba mpya azungushie paa lake ukingo, asije mtu akaanguka kutoka huko na nyumba ikabeba hatia ya damu yake. Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa bapa, na watu waliishi juu yake. Rahabu alikuwa na mabua ya kitani juu ya paa lake, akawaficha wapelelezi chini ya mabua hayo. Samweli alizungumza na Sauli juu ya paa. Petro alipanda darini saa sita mchana kusali. Paa lilikuwa mahali pa kazi, pa mgeni, pa mtoto kuchezea na pa mtu kusemea na Mungu wake. Ndiyo maana lilihitaji ukingo.

Tazama pia majirani wa mstari huu. Kabla yake kuna agizo la kumrudishia ndugu yako ng'ombe wake aliyepotea, na agizo la kutomchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Amri ya ukingo imewekwa katikati ya amri za huruma. Haisemi sebule iwe na upana gani, vyumba viwe vingapi, wala kuta zipakwe rangi ipi. Hayo Mungu ametuachia tuchague kwa furaha, na kupenda kitu kizuri si dhambi. Jambo moja tu hakutuachia, nalo ni mtu atakayeishi katika nyumba ile, au atakayeingia kwa siku moja tu akaondoka. Kabla ya ramani, kuna mtu. Anayejenga anaagizwa amfikirie mtu huyo wakati tofali bado ziko chini, maana akishaanguka ukingo hautamsaidia tena.

Nyumba za kontemporari nazo zina ukuta unaozunguka paa. Kwa macho unafanana na ule wa Musa, lakini kila mmoja una kazi yake: huu unazuia bati lisionekane, ule ulizuia mtu asianguke. Ninaomba tuishike tofauti hiyo wiki nzima. Kila sehemu ya nyumba unayotaka kujenga, iulize: inamzuia nani asianguke?

Tuanze na paa lenyewe. Mvua za Mbeya na Iringa huanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea mpaka wa nne, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Siku nyingine huja na mawe. Paa la kuficha lina mteremko mdogo, na maji yake yote hukusanyika kwenye mifereji iliyo nyuma ya ule ukuta. Majani yakijaa humo, au mvua ya mawe ikaziba tundu la kutolea maji, maji hurudi ndani na kushuka ukutani mpaka chumbani. Fundi mwaminifu anaweza kulijenga vizuri, likadumu. Lakini lazima mtu apande kulisafisha kila mwaka kabla ya msimu. Basi jiulize: ukiwa na miaka 70 nani atapanda? Ukitangulia kwenda kwa Bwana, mjane wako atampata wapi fundi, na kwa fedha gani? Paa lenye mteremko mkali na upenuo mrefu humwaga maji yenyewe, na hukinga ukuta na msingi hata kama mwenye nyumba amelala mgonjwa. Hapo ndipo niliposikia uzito wa maneno ya yule dada wa Tukuyu. Alikuwa akiisemea miaka ambayo mumewe hakuwa amefikia kuiwaza.

Na utakapofika dukani, kumbuka kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo imara. Muulize muuzaji, upime, ndipo ulipe.

Lakini kwetu watu hawaishi juu ya paa. Ukingo wetu basi uko wapi? Nilipojiuliza hivyo, zilinijia sura za vijana wawili niliowazika.

Ilikuwa mwezi wa saba, nilipokuwa nikihudumu Iringa. Walikuwa kaka na dada, wanafunzi. Nyumba ilikuwa mpya na nzuri, ina madirisha ya aluminiamu yanayofunga bila kuacha mwanya. Baridi ilikuwa kali usiku ule, upepo unavuma kama unavyovuma Iringa miezi hiyo. Wakaingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango, wakalala. Mama yao alipogonga asubuhi hakuitikiwa. Nimesimama kwenye makaburi mengi, lakini pale nilikosa maneno, maana hakukuwa na ugonjwa wala ajali ya barabarani. Kulikuwa na chumba kilichofungwa vizuri mno.

Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Huingia kwenye damu ikakaa mahali pa oksijeni, na aliyelala huzidi kuzama usingizini bila kujua kwamba anakufa. Nyumba nyingi za zamani ziliachiwa matundu ya hewa juu ya madirisha. Siku hizi tunayaziba tukisema yanaharibu sura ya ukuta, au yanaingiza mbu na vumbi. Wapendwa, acheni tundu la hewa katika kila chumba cha kulala, mliwekee wavu. Mkipenda kuwa na moto ndani, mjengeeni meko lenye dohani inayopita juu ya paa. Jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu hata usiku mmoja, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu. Anayejenga Mafinga, Iringa, Mbeya au Tukuyu, ukingo wake wa kwanza ni tundu lile dogo. Halionekani kwenye picha za simu, na hakuna mgeni atakayelisifia, lakini Mungu analiona.

Joto nalo tunaweza kulipata kwa namna nyingine. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi yetu, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Ukigeuza chumba cha wazee na sebule vitazame kaskazini, vikiwa na madirisha ya kutosha upande huo, jua litaingia bila kulipiwa. Mwambie fundi kabla hajapima msingi. Akishamwaga jamvi, chumba cha baridi kitabaki cha baridi.

Kuna kingo nyingine ndogo. Grili za madirisha hutulinda na wezi, lakini zikifungwa zote bila hata moja inayofunguka kwa ndani, moto ukizuka watu hawana pa kutokea. Shimo la choo likichimbwa, lifunikwe siku hiyohiyo, hata kama nyumba bado ni boma, kwa sababu watoto wa jirani hucheza kwenye tofali zako. Ngazi iwe na mkono wa kushika. Mlango mmoja angalau usiwe na kidato, ili bibi mwenye magoti mabovu na mtu wa kiti cha magurudumu waingie bila kubebwa. Na kwa sisi wa Mbeya, tunaokaa kwenye bonde la ufa, linta izunguke nyumba nzima, iwe na nondo za kutosha. Mwaka 1910 tetemeko kubwa lilitikisa upande wa Rukwa, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Na katika tetemeko la mwaka 2016 tuliona Bukoba jinsi kuta zilivyowaangukia wenye nyumba.

Sasa niseme juu ya mgeni, maana ukingo wa Musa haukuwa wa watoto wa nyumbani peke yao. Yeyote aliyepanda juu ya paa ulimlinda.

Wazee wetu wa nyanda hizi walijenga nyumba mbalimbali. Wahehe walijenga tembe, nyumba ndefu zenye paa bapa la udongo lililolazwa juu ya magogo, karibu sana na paa ambalo Musa alikuwa akilizungumzia. Watu na mifugo yao walikaa chini ya paa moja. Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na udongo, katikati ya migomba, kwa usafi uliomfanya Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland aliyepita huko mwaka 1879, aandike kwa kuvisifu vijiji vyao. Monica Wilson, mtaalamu aliyeishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao, wakala pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Lugha ya Kinyakyusa ina neno la furaha hiyo ya kukaa pamoja: ukwangala.

Sisemi turudi kwenye tembe. Zilikuwa na giza na moshi, na wengi waliumwa vifua humo. Namshukuru Mungu kwa bati, saruji na maji ya bomba. Lakini wazee wale hawakujenga kabla ya kujua nani atakula hapo. Sisi tunachora chumba cha wazazi chenye choo ndani, vyumba vya watoto, stoo na gereji, kisha mgeni akija tunamtandikia godoro sebuleni.

Katika Wafalme wa Pili, sura ya nne, kuna mwanamke wa Shunemu aliyemwona Elisha akipita mara kwa mara. Akamwambia mumewe wamjengee chumba kidogo juu, wamwekee kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu. Fikiria jinsi mama huyu alivyowaza kwa makini: mgeni atalala, atakula, ataketi, atasoma usiku. Hakumwekea Elisha fahari. Alimwekea mahali pake.

Hapa Mbeya mgeni wetu tunamjua. Anatoka Kyela, Ileje, Chunya au Mbozi, ameleta mgonjwa Hospitali ya Rufaa, au binti yake anajifungua hospitali ya Meta. Amebeba ndoo na blanketi. Hana fedha ya gesti kwa wiki tatu. Anaulizia nyumba ya mtoto wa shangazi yake, naye ni wewe. Chumba kimoja kidogo upande wa mlango, chenye vitu vinne vya yule mama wa Shunemu na choo cha karibu, ni huduma kubwa kama kwaya. Kikichorwa mapema hakiongezi gharama kubwa. Kisipochorwa, mgeni wako utamtazama kama mzigo, na si kwa sababu huna upendo, ila kwa sababu huna pa kumweka.

Lipo pia suala la fensi. Mtu ana haki ya kulinda watoto na mali yake. Lakini wana wa Iringa wanajua zaidi ya wengi kwamba ukuta una mwisho wake. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliizungushia ngome yake ya Kalenga ukuta mkubwa wa mawe, na bado tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliingia. Zaburi ya 127 inatufundisha kwamba pasipo Bwana, mjenzi na mlinzi wanahangaika bure. Jenga fensi, lakini jirani akipita akuone, na geti lako lijue kufunguka.

Jambo la mwisho haliko kwenye ramani yoyote, nalo ndilo linaloweza kuangusha nyumba nzima mbele za Mungu. Soma Yeremia 22, kuanzia mstari wa 13. Mfalme Yehoyakimu alikuwa akijenga. Nabii anavitaja vitu alivyovipenda: vyumba vipana, madirisha, mbao za mierezi, rangi nyekundu. Unaweza kudhani anasoma orodha ya mahitaji ya nyumba ya leo. Lakini kosa la mfalme halikuwa madirisha wala rangi. Alimfanyisha jirani yake kazi asimlipe ujira wake. Yeremia anamkumbusha baba yake, Yosia, aliyekula na kunywa vizuri na bado akawatendea maskini haki, na anasema huko ndiko kumjua Mungu.

Nani aliyefyatua tofali zako? Nani aliyechota maji ya kuchanganyia udongo, akapanda nayo kilima kichwani? Yuko wapi mama aliyewalisha mafundi wali na maharage kwa mkopo, akiambiwa atalipwa linta ikikamilika? Linta imekamilika. Nyumba imepauliwa. Yeye bado anadai.

Pale Iringa mjini kuna mwamba uitwao Gangilonga. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema, na wazee husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari. Kila nikipita chini yake namkumbuka nabii Habakuki, aliyesema kwamba jiwe la ukutani litalia, na boriti itaitikia, dhidi ya mtu anayeijengea nyumba yake mapato ya udhalimu. Ndugu yangu, nyumba yako ina mawe yanayosema. Utakapokaribisha watu kuiweka wakfu, kwaya ikiimba na mchungaji akinyunyiza baraka, mawe yale yatakuwa yanasema nini? Lipa kwanza madeni ya ujenzi, ndipo uite watu. Afadhali wakute sakafu haina vigae, lakini kila aliyeshika mwiko ameshika na haki yake.

Ndiyo maana Yesu, katika Luka 14, anamtaka mtu anayejenga mnara aketi kwanza apige hesabu. Tunayajua mapagale ya nchi hii, nyumba zilizoanza kwa ukubwa wa ndoto zikaishia usawa wa madirisha, nyasi zikaota sebuleni. Hakuna aibu kujenga vyumba viwili na choo, ukahamia, ukaongeza Bwana akijalia. Tena katika hesabu hiyo weka hati ya kiwanja, na majina yenu wawili, mume na mke, yaandikwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini nimeona wajane wakitolewa nje kabla arobaini haijaisha kwa sababu karatasi ilikuwa na jina moja. Jina la mkeo kwenye hati ni ukingo. Siku utakapokuwa haupo, litamzuia asianguke.

Niliporudi kwa wale ndugu wa Uyole, sikuwaambia paa lipi wachague. Niliwaomba wachukue karatasi, waandike majina ya watu wote watakaoingia katika nyumba ile kwa miaka 20 ijayo. Waliandika watoto wao watatu. Kisha mume akaandika jina la mama yake aliyeko Rungwe, akakaa kimya kidogo. Akaongeza wadogo zake watakaokuja kusoma. Mke akaandika mama yake mzazi, na chini yake akaandika "wagonjwa wa Rufaa." Karatasi ilipojaa, mume aliichukua ramani akaitazama upya. "Mama hawezi kupanda hivi vidato," alisema. Basi wakaanza kuongea wao kwa wao, wala hawakunihitaji tena.

Wiki hii, uwe unajenga, umepanga, au umeshahamia miaka mingi iliyopita, fanya kama wao. Andika majina. Kisha tembea ndani ya nyumba yako au ndani ya ramani yako, chumba kwa chumba, ukiwa na jina moja baada ya jingine, mpaka uone ni wapi mtu huyo anaweza kuanguka. Hapo ndipo pa kuweka ukingo. Kama ni tundu la hewa, litoboe kabla ya baridi. Kama ni deni la fundi, lilipe kabla ya Jumapili.

Tuombe.

Ee Baba, wewe uliyempa mwanao duniani hori la kulala kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwa na nafasi, utupe nyumba zenye nafasi. Wabariki wanaojenga Uyole na Kihesa, Mafinga na Tukuyu, na mikono yote inayofyatua, inayochoma na inayopaua. Uwafariji waliopoteza watoto wao katika usiku wa baridi. Utuonyeshe mahali ambapo mtu anaweza kuanguka katika nyumba zetu, na utupe moyo wa kuweka ukingo kabla hajaanguka. Katika jina la Yesu Kristo, jiwe kuu la pembeni. Amina.